Keni ya Kulia

Mpishi hakuwa na haja ya kusema kitu. Alitoka jikoni na visufuria viwili, akaviweka juu ya meza ya uani, akarudi ndani. Sadoki akainama kuchungulia. Kwenye kisufuria cha kwanza maziwa yalikuwa yamechemka vizuri, yameshika utando wa mafuta. Kwenye cha pili yalikuwa yamekatika, mabonge meupe yakielea kwenye maji ya kijanikijani.

"Hicho ni cha keni ipi?" aliuliza Bwana Pravin, ingawa alijua.

"Ya kulia."

"Ya kulia tena. Mara ya nne wiki hii." Bwana Pravin alikuwa mzee mpole aliyerithi hoteli ile ya chai na vitamu vya maziwa kwa baba yake, na upole huo ndio uliomuudhi Sadoki zaidi. Angetukanwa, angejua la kujibu. "Sadoki, barfi haipikwi kwa maziwa haya. Unachanganya na ya jana."

"Haki ya Mungu sichanganyi, mzee."

"Basi kuna mtu anakuchanganyia huko kwenu."

Sadoki aliyamwaga maziwa ya keni ya kulia kwenye mtaro, akazifunga keni zote mbili, madumu yake ya chuma ya maziwa, kwenye pikipiki, moja kila upande, akapanda nazo mlimani na maneno hayo kichwani.

Huo ulikuwa mwaka 1996. Miaka miwili kabla yake Sadoki alikuwa mtu wa tanuri katika kiwanda cha serikali cha sahani na vikombe vya bati, kule Themi. Miaka kumi na sita alisimama mbele ya moto, akiingiza sahani zilizopakwa uji wa kioo na kuzitoa zikiwa nyeupe, zinang'aa. Kisha sahani za plastiki zikaingia nchini kwa makontena, kiwanda kikauzwa, na mwekezaji akazima tanuri na kuligeuza jengo kuwa ghala. Sadoki alipewa kiinua mgongo na barua ya shukrani iliyokosea jina lake. Akanunua pikipiki ya Kijapani iliyokwisha kutumika, akaanza kukusanya maziwa ya akina mama wa Akheri, kwenye miteremko ya Meru, na kuyapeleka mjini.

Asubuhi iliyofuata, mbele ya ghala la zamani la kahawa ambako akina mama walipanga ndoo zao, alimsubiri Nanyori. Huyu alikuwa Mwarusha aliyeolewa pale Akheri, na kwa kuwa nyumba yake ilikuwa mbali kuliko zote, alifika wa mwisho kila siku. Keni ya kushoto ilikuwa imeshajaa wakati huo. Maziwa yake yaliingia ya kulia.

"Nanyori, ndoo yako unaiosha kwa kitu gani?"

"Kwa maji ya moto na sabuni, shemeji. Kwani vipi?"

"Maziwa yanakatika upande wako tu. Ama ndoo chafu, ama ng'ombe mgonjwa, ama unachanganya na ya jioni. Chagua moja."

Akina mama kumi na mmoja waligeuka kuwatazama. Mke wa Sadoki, Elizabeth, aliyekuwa ameshika chujio, alisema kwa sauti ya chini, "Baba Anaeli, basi." Lakini Sadoki alikuwa ameamka na hasira ya siku nne, akaendelea. Alisema kuna watu wanaonekana wasafi barabarani na zizini kwao hakuingiliki. Alisema yeye hawezi kuaibishwa mjini kwa uvivu wa mtu mmoja.

Nanyori aliifunika ndoo yake, akajitwika, akarudi njia aliyojia.

Siku hiyo Sadoki alijaza keni ya kulia kwa maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe, aliyekamuliwa na Elizabeth mwenyewe. Mpishi alipoleta visufuria, cha pili kilikuwa kimekatika. Kesho yake vilevile.

"Na ndoo yetu nayo chafu?" Elizabeth alimuuliza jioni, bila kuinua macho kwenye mchicha aliokuwa akiuchambua.

Sadoki hakulala vizuri. Siku ya tatu alipofika uani kwa Bwana Pravin, kabla ya kufungua kamba, alipitisha kiganja chini ya keni ya kushoto. Ilikuwa baridi. Akazunguka, akapitisha chini ya ile ya kulia, akautoa mkono upesi. Kitako cha keni kilikuwa cha moto kama maji ya kuoga. Na chini yake, vidole vinne tu, lilipita bomba la moshi la pikipiki, limegeuka rangi ya zambarau kwa joto.

Saa nzima na nusu, kutoka Akheri kushuka Tengeru, na kutoka Tengeru hadi mjini, alikuwa akiyapasha moto maziwa ya watu kwa mkono wake, mpaka yanachacha. Alisimama pale uani akiwa na kamba mkononi, akajisikia mjinga kiasi kwamba alitamani mpishi asitoke.

"Nenda kamwombe radhi," Elizabeth alisema alipohadithiwa.

"Nitakwenda. Nikishalitengeneza bomba. Nataka niende na jibu mkononi."

"Radhi haihitaji spana."

Lakini Sadoki alikuwa mtu wa kiwanda, na aliona aibu kwenda na maneno matupu. Akaanza na bomba.

Kwanza alilifunga kwa gunia lililoloweshwa maji. Lilikauka kabla ya Tengeru, likaanza kufuka, na siku hiyo Bwana Pravin akakataa keni zote mbili kwa kunuka moshi. Akafunga kipande cha bati katikati ya bomba na keni. Bati lilipiga kelele njia nzima, kisha likawa la moto kama bomba lenyewe. Akajaribu magamba ya mgomba, mabichi, yenye maji, akayazungushia mara tatu. Hayo yalifika mpaka Kimandolu, yakakauka, yakadondoka barabarani moja moja. Mwisho aliinua vyuma vya kubebea juu kwa shubiri moja, keni zikae mbali na joto. Kesho yake ikanyesha, na kwenye mteremko wa udongo mwekundu pikipiki iliyobeba uzito juu ikamshinda. Alilala nayo kwenye mfereji. Lita hamsini za maziwa zikashuka na maji ya mvua, na mbwa wa jirani wakafika kabla hajainuka.

Ndipo alipokwenda kwa Balbir. Balbir alikuwa Kalasinga mwenye karakana Themi, jirani na kiwanda cha zamani, na kwa miaka mingi alikuwa akiwatengenezea magari watu wa mbio. Alichuchumaa, akaligusa bomba kwa kucha.

"Hili joto hulizuii kwa gunia, Sadoki. Wenzetu wa mbio kule Nairobi wanapaka dawa maalumu, ndani na nje. Joto linabaki ndani ya bomba, linatoka na moshi. Lakini inatoka Ulaya. Kopo moja utauza pikipiki ulinunue."

"Dawa gani hiyo?"

"Seramiki. Ni kama… vile vitu vya kiwanda chenu. Udongo na kioo, unapaka kwenye chuma, unachoma."

Sadoki alimtazama. "Fundi Balbir. Hicho kitu nimekichoma miaka kumi na sita."

Balbir akacheka, akampiga bega. Sadoki hakucheka. Kwa mara ya kwanza tangu apunguzwe kazi alijiona ana kitu ambacho mwingine hana.

Alichohitaji ni kile kioo kilichosagwa kuwa uji wa sahani. Alijua magunia yalibaki stoo. Akaenda ofisini kwa mwekezaji, akaambiwa alete barua. Akaleta barua. Akaambiwa barua ipitie kwa mwenyekiti wa kijiji chake, kuthibitisha kwamba aliwahi kuwa mfanyakazi, kana kwamba mwenyekiti wa Akheri ndiye aliyekuwa akimwandikia zamu. Akaileta ikiwa na mhuri. Akaambiwa meneja yuko Dar. Wiki tatu alizunguka, na wiki hizo tatu alibeba keni moja tu, ya kushoto, na jiwe upande wa kulia la kusawazisha. Akina mama sita wakawa wanarudi nyumbani na ndoo zao zikiwa zimejaa, na hawakuficha hasira.

Siku aliyoambiwa arudi Jumatatu kwa mara ya nne, mlinzi wa getini, Parsimei, aliyekuwa mlinzi hapo tangu enzi za serikali, alimwita pembeni.

"Sadoki, unatafuta nini hasa humo ndani?"

"Kioo cha uji wa sahani. Yale magunia ya stoo."

"Yale?" Parsimei akashangaa. "Si yalitupwa mwaka juzi! Walipotaka nafasi waliyamwaga huko nyuma, kwenye ukingo wa mto. Yule karani anayekuzungusha ndiye aliyesimamia."

Sadoki alikwenda nyuma ya ukuta. Chini ya majani marefu aliyakuta magunia yameoza, na ndani yake vipande vya kioo vimelala kama chumvi ya mawe, vimeoshwa na mvua za miaka miwili, havijadhurika hata kidogo. Alijaza mifuko miwili. Alikaa juu ya jiwe kwa muda, akihesabu siku alizosimama mbele ya meza ya yule karani, akasonya peke yake.

Balbir alimpa kona ya karakana. Sadoki alijenga tanuri la matofali, akatia mkaa na feni kuukuu ya kupuliza. Akasaga kioo kwenye pipa dogo lililojaa goroli mbovu, akakichanganya na udongo mweupe na unga wa matofali ya moto ili uji uwe mzito kuliko wa sahani. Hapakuwa na kipimo cha joto. Alitumia macho: moto ulipofika rangi ya chungwa lililoiva, aliliingiza bomba, akalitoa dakika chache baadaye. Lilikuwa jeupe, linateleza, zuri. Balbir alipiga makofi.

Alilifunga, akaondoka; kufika Sekei uji ulikuwa umeanza kubanduka. Ulibanduka kama ganda la yai, vipande vikarukia suruali yake.

Alikaa siku mbili akiwaza. Kiwandani sahani zilimfikia mikononi zikiwa tayari; kulikuwa na idara nzima ya watu wenye glovu ndefu ambao kazi yao ilikuwa kuosha chuma kwa asidi. Miaka yote ile hakuwahi kuwauliza wanaosha nini. Bomba la pikipiki lilikuwa na ngozi ya kung'aa ya kiwandani, na uji wake ulikuwa umeshika ngozi hiyo, haukushika chuma. Akaitoa ngozi kwa asidi ya betri, akasugua kwa mchanga, akapaka upya. Safari hii uji ulishika. Lakini feni ilipuliza zaidi upande mmoja, bomba likapinda, likakataa kuingia kwenye injini. Balbir alijaribu kulinyoosha kwa nyundo, polepole, akiomba kwa Kipunjabi. Pigo la tatu, uji wote ukapasuka.

"Acha, Sadoki," Balbir alisema. "Nunua punda."

"Nitafutie bomba lingine."

"Mtu mbishi wewe."

"Nitafutie."

La tatu lilitoka zima, na likaingia. Asubuhi Sadoki alijaza keni zote mbili, akashuka mlima bila kusimama. Alipofika mjini alitema mate kwenye bomba: yalikauka polepole, hayakuruka kama zamani. Akafurahi. Mpishi akatoa visufuria viwili. Cha pili kilikuwa kimekatika.

Sadoki akapanda pikipiki, akaondoka. Alipofika karakana aliitupa helmeti chini, ikabingirika mpaka chini ya gari la mtu.

"Bomba limepoa! Nimeligusa! Na maziwa yamekatika! Nifanye nini tena, nikalale chini ya keni?"

Balbir aliiwasha ile pikipiki, akaiacha ingurume kwa muda, kisha akatema mate mbele, kwenye bomba jeupe. Yakakauka taratibu. Akatema nyuma, kwenye sailensa, lile pipa refu la kuzuia kelele ambalo Sadoki hakulipaka. Mate yaliruka kama mafuta kwenye kikaango.

"Umeona? Joto halijafa, limehama. Umelizuia kutoka mbele, limekimbilia nyuma. Na keni yako imekaa mbele au nyuma?"

"Nyuma," alisema Sadoki. Akaketi juu ya tairi, akafunika uso kwa mikono.

Iliwachukua siku nyingine tisa. Sailensa ilikuwa na vyumba ndani ambamo uji haukuweza kupita, kwa hiyo waliipaka nje tu, mara mbili, na Balbir akaishusha chini na kuugeuza mkia wake uelekee pembeni, mbali na keni. Sadoki alichoma kwa uangalifu hata akasahau kula. Alipomaliza, upande wa kulia wa pikipiki ulikuwa mweupe kama bakuli la hospitali, na watu wa Tengeru walimcheka njia nzima.

Jumamosi, mpishi alileta visufuria viwili, na vyote vilikuwa vizima. Sadoki aliviangalia kwa muda mrefu. Akaomba vichemshwe tena. Vikachemshwa tena, vikabaki vizima. Akamshika mpishi mkono kwa nguvu, mpishi asijue kwa nini.

Bwana Pravin alitoka, akaonja kwa kijiko. "Mazuri," alisema. "Mazuri sana. Sasa Sadoki, keti kidogo."

Sadoki hakuketi.

"Mwezi huu wote umeniletea keni moja. Wateja wanataka chai kila siku, mimi siwezi kuwaambia wasubiri pikipiki. Nimeanza kuchukua haya." Alielekeza kidole kwenye kona, ambako kulikuwa na maboksi yaliyopangwa mpaka dirishani. Maziwa ya pakiti, kutoka Kenya. "Yanakaa miezi, hata friji hayataki. Hayakatiki. Kwa chai yanatosha. Kwa barfi hayafai, kwa barfi nitaendelea na wewe. Keni moja. Nzuri kama hii."

"Mzee, nilikuwa natengeneza. Nilikuambia natengeneza."

"Najua, bwana. Uliniambia." Bwana Pravin alimtazama kwa huruma ya kweli. "Lakini chai hainywewi mwakani."

Sadoki alitaka kumwambia habari za karani, na ukingo wa mto, na asidi ya betri. Akaona ni hadithi ndefu, na mzee ana wateja. Akasema ahsante, akaondoka.

Elizabeth alimsikiliza mpaka mwisho. Hakusema nilikwambia, na hilo lilimuumiza zaidi. Alisema tu, "Kesho utawaambia akina mama. Lakini kabla ya hao kuna mmoja."

Nyumba ya Nanyori ilikuwa juu kabisa, karibu na msitu. Sadoki alikwenda kwa miguu jioni hiyohiyo. Alimkuta zizini, akikata majani kwa panga, na zizi lilikuwa limefagiwa kuliko sebule za watu wengi. Alieleza kila kitu: joto, bomba, kioo. Alieleza kwa muda mrefu sana kuhusu bomba. Nanyori aliendelea kukata.

"Shemeji," alisema hatimaye, "haya ya bomba mimi siyajui. Wewe umekuja kusema nini?"

Sadoki akaachana na bomba. "Nimekuja kusema nilikukosea. Ndoo yako ilikuwa safi."

"Sawa. Lakini mimi hukuniambia hapa zizini. Uliniambia pale ghalani, mbele za watu. Mpaka leo mama mkwe anaonja maziwa kabla hajampa mtoto. Kanisani mtu ananiuliza ng'ombe amepona. Yaseme palepale."

"Nitayasema."

"Na mbona umechukua miezi miwili?"

Sadoki alisimama kwenye mlango wa zizi akiwa na lile jibu la bomba mkononi, kama alivyotaka siku ile, na halikuwa na kazi yoyote.

Asubuhi Nanyori alifika ghalani bila ndoo. Alisimama mbele, si mwisho. Sadoki aliwasalimu wote, akasema mbele yao kwamba Nanyori hakuwa na kosa, ndoo yake haikuwa chafu, ng'ombe wake hakuwa mgonjwa, kosa lilikuwa lake yeye na pikipiki yake, na kwamba alijua hivyo siku ya tatu tu tangu amtukane, akanyamaza. Akina mama wawili watatu walitazamana. Nanyori aliitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyepokea chenji yake sawasawa, akageuka kwenda nyumbani.

"Nanyori!" Elizabeth alimwita. "Na maziwa?"

"Ya asubuhi nawapa chuo cha Makumira sasa, kuna gari lao linapita," alijibu bila kusimama.

Ndipo Sadoki akawaambia waliobaki habari ya keni moja. Kelele zilizoinuka zilisikika mpaka barabarani. Mmoja alisema waliomsubiri miezi miwili ndio watangulizwe. Mwingine alisema wenye ng'ombe mmoja. Wa tatu alitaka kujua ni nani alimwambia achezee bomba la pikipiki miezi miwili badala ya kununua baiskeli mbili, na swali hilo Sadoki alilisikia vizuri sana kwa sababu na yeye alikuwa akijiuliza.

Elizabeth alianza kumimina maziwa kwenye keni huku wakibishana, kikombe kwa kikombe, kidogo kwa kila ndoo, ili asikosewe yeyote na asiridhike yeyote. Ilipojaa, Sadoki aliifunga upande wa kulia, juu ya bomba jeupe, na kushoto akaning'iniza mkungu wa ndizi.

"Si uifunge kushoto tu?" Elizabeth aliuliza. "Ni moja."

"Upande huu ndio niliouhangaikia," alisema Sadoki, akapiga teke kuwasha. Haikuwaka. Akapiga tena, na tena, jasho likimtoka, na akina mama nyuma yake hawakuwa wamemaliza kubishana.